Poda ya moringa: uliza kwanza inatoka udongo gani

Mwezi wa saba niliingia soko ya Kenya, hapa Lubumbashi, nikanunua sashe mbili za poda ya moringa kwa bamama wawili wenye kuuza meza kwa meza. Moja ilikuwa kijani kabisa, ingine ilikuwa na rangi ya tumbaku. Bei ilikuwa ile ile. Nikauliza tofauti ni nini. Mama wa pili akacheka: "Yote ni moringa tu, papa. Hii njo ginseng yetu."

Alisema kweli kuliko alivyofikiri. Ginseng ni mzizi wa Korea na China, na aina ingine inatoka Marekani. Mkulima anaungojea miaka 4 mpaka 6 ndani ya udongo, njo maana bei yake ni kali na udanganyifu ni mwingi. Mwaka 2001, watafiti wa Marekani walitoa ripoti juu ya bidhaa 25 za ginseng zilizonunuliwa madukani. Mmea ulikuwa wa kweli katika zote, lakini nguvu iliyokuwa ndani ilitofautiana mara 15 kwa vidonge na poda, na mara 36 kwa zile za maji. Mara nyingi etiketi ilisema kitu kingine. Kama ni hivyo kwa makopo ya kupendeza, sashe yetu isiyo na etiketi itakuwaje?

Tuanze na macho na pua. Poda nzuri ni kijani na inanuka majani. Ikiwa kahawia, majani yalikauka juani na vitamini A imepotea kwa sehemu kubwa, ao yalirundikwa yakiwa mabichi yakapata moto. Kausha kivulini, tabaka nyembamba, upepo ukipita, mpaka jani livunjike vidoleni. Unyevu usipite asilimia 10, kwani ukungu unaanza hapo. Tia kijiko kimoja ndani ya glasi ya maji: mchanga utashuka chini. Na ukiwa mnunuzi, omba majani makavu yasiyosagwa. Jani la moringa unalitambua. Poda inaweza kuchanganywa na sombe kavu bila wewe kujua.

Sasa thamani. Robo moja ya poda kavu ni protini. Sashe ya gramu 100 ina gramu 25 hivi, sawa na mayai manne. Linganisha bei ya sashe na bei ya mayai manne sokoni kwenu, kisha amua. Ni kweli moringa inaongeza kalisi na vitamini ambazo yai halina kwa wingi ule. Lakini mwenye mti nyuma ya nyumba, apike majani mabichi pamoja na bukari, asinunue sashe.

Jambo linalonisumbua zaidi ni lingine, na halionekani kwa macho. Sisi tunalima katika inchi ya shaba. Kiwanda cha kuyeyusha shaba kilianza hapa Lubumbashi mwaka 1911, na moshi wake ulichafua udongo wa mitaa kama Penga Penga, mahali ambapo hata majani yalikataa kuota. Mwaka 2009 watafiti, wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi wakiwemo, walionyesha kwamba watu wanaoishi karibu na migodi ya Katanga wana kobalti nyingi sana katika mkojo.

Jani bichi la moringa ni maji karibu robo tatu. Ukilikausha, maji yanaenda, lakini risasi na kadimiamu vinabaki. Kwa hiyo kilo ya poda inabeba uchafu mara nne kuliko kilo ya majani mabichi. Ulaya hawakubali nyongeza ya chakula yenye zaidi ya miligramu 3 za risasi kwa kilo, ao miligramu 1 ya kadimiamu.

Koperativi moja tunayosaidia ilikuwa imepanda mistari miwili ya moringa kando ya barabara ya malori ya madini. Tuliosha majani pamoja. Maji ya beseni ya kwanza yalikuwa mekundu, ya tatu yakawa safi. Watu wakafurahi. Ikabidi niwaambie kwamba kuosha kunaondoa vumbi, hakuondoi kile mizizi ilichonywa. Mzee mmoja akaniambia, "Agronomu, unatuua." Nilimwelewa. Miti ile ilikuwa na miaka miwili, na feza ya masomo ya watoto ilihesabiwa juu yake.

Tulikubaliana hivi: majani ya barabarani hayauzwi mpaka sampuli ipimwe maabara, gharama tutagawana na koperativi. Mvua ikianza, mbegu mpya zinapandwa upande wa pili wa kijiji, mbali na barabara. Na kila mfuko utaandikwa shamba, tarehe ya kuvuna na uzito.

Neno "inaponya" tumelifuta kwenye etiketi. Katika mkutano ule ule, mama mmoja alisema ameacha dawa zake za sukari tangu aanze kunywa moringa. Tulimsindikiza kituo cha afya siku ile ile, na dawa zake amezirudilia.