Kabla ya Kununua Kiwanja cha Biashara, Uliza Kilichozikwa Ardhini

Wiki hii safu yetu ya afya inabisha hodi kwa wafanyabiashara, hasa wanaotafuta kiwanja au fremu Mwigobero, kule mwaloni Musoma.

Wengi wetu huuliza bei, mipaka na hati. Tukishafanya upekuzi ofisi ya ardhi, tunaridhika. Lakini hati hutaja mmiliki na deni la benki. Haisemi kama hapo palikuwa na gereji, sheli, banda la kuvunjia betri za magari au mahali pa kuchomea dhahabu.

Kwa mkoa wa Mara hilo si jambo la mbali. Wachimbaji wadogo hutumia zebaki kukamatia dhahabu, kisha huichoma. Mvuke wake hudhuru mishipa ya fahamu na figo, na masalia huingia udongoni. Betri zina risasi na tindikali. Tangi la mafuta likitoboka, mafuta hushuka polepole hadi kwenye maji ya kisima.

Wenzetu wa Owino Uhuru, Mombasa, yaliwafika. Kiwanda cha kuyeyusha betri kilianza kazi hapo mwaka 2007, kikafungwa mwaka 2014. Kiwanda kilikwenda zake, risasi ikabaki kwenye udongo na vumbi, maana haiozi. Watoto walipopimwa damu walikutwa nayo. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa ni salama. Kwa mtoto huharibu ubongo na uwezo wa kujifunza.

Sisi Waislamu tumezoea kukagua maji kwa rangi, ladha na harufu. Hicho ni kipimo cha tahara. Risasi yaweza kuwemo na yote matatu yasibadilike, na kuchemsha maji hakuiondoi.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa:

1. Waulize wazee wa mtaa na mwenyekiti: nani alikuwa hapa, akifanya nini?

2. Kagua udongo mweusi wenye harufu ya mafuta, vipande vya betri, mabomba yaliyotokeza ardhini, na mahali nyasi zisipoota.

3. Ukishuku, mwone afisa mazingira wa manispaa. Udongo na maji hupimwa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, yenye ofisi ya Kanda ya Ziwa jijini Mwanza.

4. Matumizi ya zamani yaandikwe kwenye mkataba.

Aliyekwisha kununua asichimbe kisima kabla ya kupima. Watoto wasichezee udongo huo, wanawe mikono kabla ya kula, na wapimwe damu.

Nawe muuzaji, kumbuka kuficha aibu ya unachokiuza ni haramu, na mnunuzi ana haki ya kukirudisha. Faida ya kiwanja isiwe maradhi ya mtoto wa mwenzio.

Tukutane wiki ijayo, Inshaallah. Wabillahi Tawfiq.