Kamera ya getini inavyowachelewesha wengine wote

Jirani yangu aliibiwa pikipiki uani, na nyumba ina kamera nne. Asubuhi alipofungua simu aone nani kaingia, video ya getini ilikuwa imeganda saa nane na dakika kumi usiku, halafu ikaruka hadi nane na kumi na saba. Kabla, pikipiki ipo. Baada, haipo. Fundi akamwambia, "Bosi, intaneti yako ndogo, ongeza kifurushi." Akaongeza. Kamera ikaendelea kuganda vilevile.

Kwa kuwa nasoma mambo ya mawasiliano, nikaitwa. Ukweli ni kwamba fundi alichanganya vitu viwili ambavyo wengi wetu tunavichanganya: intaneti na Wi-Fi. Intaneti inaishia kwenye ruta. Kutoka hapo hadi kwenye simu, TV na kamera ni redio tu, na kifurushi kikubwa hakiigusi hiyo redio hata kidogo.

Fikiria bomba moja la maji mtaani. Kila mtu ana dumu la lita 20, na anakinga mmoja mmoja. Wi-Fi ndivyo ilivyo: kwenye chaneli moja, kifaa kimoja tu ndicho kinachosema kwa wakati mmoja, vingine vinasikiliza na kungoja zamu. Sasa aje mtu mwenye dumu la mdomo mwembamba. Anachukua lita 20 zilezile, lakini anakinga taratibu maji yasimwagike. Foleni nzima inasimama.

Kifaa kilicho mbali na ruta ndicho chenye mdomo mwembamba. Mawimbi yakiwa dhaifu, kifaa hupunguza kasi ili kisikike bila makosa. Piga hesabu: pakiti ya kawaida ina baiti 1,500, yaani biti 12,000. Kwa kasi ya megabiti 54 kwa sekunde inachukua kama milisekunde 0.22 hewani. Kwa megabiti 1, milisekunde 12. Mara 54 zaidi! Mwaka 2003 watafiti wa Grenoble, Ufaransa, walionyesha jambo hili wazi: kifaa kimoja cha megabiti 1 kikiingia katikati ya vyenye megabiti 11, vyote vinashuka karibu na kasi ya yule mnyonge.

Kwa hiyo usihesabu vifaa. Taa, spika na simu tano zilizolala mfukoni hazisumbui sana, maana zinasema neno moja moja. Kamera inasema mfululizo. Ikirusha megabiti 2 kwa sekunde, kiwango cha kawaida tu, kwa siku nzima ni gigabaiti 21.6. Kamera nne ni zaidi ya gigabaiti 86. Na zote hizo zinapanda kwenda nje, wakati vifurushi vingi vya nyumbani vimepewa njia nyembamba ya kupanda kuliko ya kushuka. Ile namba kubwa kwenye tangazo ni ya kushuka.

Kwa nini usiku, sasa, wakati watu wamelala? Video hubanwa kwa kutuma kile tu kilichobadilika kati ya picha moja na inayofuata. Gizani picha inajaa chengachenga, na kila chenga ni badiliko. Upepo ukitikisa mti, hivyo hivyo. Kamera nyingi zisipowekewa kikomo hurusha data nyingi zaidi saa zile zile unazozihitaji.

Kwa jirani, ruta ilikuwa kwenye kabati nyuma ya TV, na kamera ya getini ilikuwa kuta mbili za tofali za saruji mbali. Tukaitoa ruta kabatini, tukaiweka juu, kwenye korido. Simu na TV tukazihamishia gigahezi 5, tukaacha 2.4 kwa kamera, maana hizi za bei nafuu nyingi zinajua 2.4 tu. Huko 2.4 nako chaneli zisizoingiliana ni tatu, yaani 1, 6 na 11, na mtaa mzima unazigombania; tukachagua iliyokuwa na majirani wachache.

Lakini kilichosaidia kweli ni waya. Kamera ya getini tukaivutia kebo hadi kwenye kisanduku cha kurekodia kilichofichwa chumbani, na simu yake inapokea taarifa tu mtu akipita. Memori kadi ndani ya kamera ingekuwa rahisi zaidi, ila mwizi akiing'oa kamera anaondoka na ushahidi wako.

Ukitaka kujaribu kwako, shika simu, simama chini ya kila kamera kwenye Wi-Fi ileile, upime kasi ya kupakia. Rudia karibu na ruta. Ikiwa karibu na ruta ni nzuri na getini ni mbaya, usiongeze kifurushi.

Pikipiki haijapatikana. Juzi jirani kanionyesha video ya saa nane usiku: paka wawili wanagombana juu ya ukuta, mwanzo hadi mwisho, bila kuganda.