Waya Haufungwi kwenye Mpira wa Rejeta

Septemba 2018 Toyota ilitangaza kuyarudisha gereji magari yapatayo milioni moja duniani kote, yakiwamo ya Prius na C-HR, aina ambazo leo zinaonekana barabarani Nairobi na Dar es Salaam. Kosa lilikuwa fungu la nyaya lililogusana na kifuniko kwenye kifaa kinachoongoza umeme wa haibridi. Vumbi likijikusanya hapo na gari likitikisika, ngozi ya waya iliweza kusagika kidogo kidogo mpaka shaba ikabaki wazi, ikapiga shoti na kuwasha moto. Gari ambalo shaba ilikwishaonekana lilibadilishiwa fungu zima. Ambalo ngozi ilikuwa bado nzima lilizungushiwa tepu ya kinga.

Ikiwa mguso wa namna hiyo uliwapita watu wa kiwandani, basi nyaya zinazoongezwa baadaye, kando ya barabara na kwa haraka, zinastahili kuangaliwa kwa jicho kali zaidi. Gari lililotumika huko Japani likishafika Afrika Mashariki huwekewa mengi: kengele ya wizi, taa za nyongeza, muziki, wakati mwingine feni iliyounganishwa moja kwa moja na betri. Kila kimoja kinakuja na waya wake, na waya unahitaji pa kushika. Mpira wa juu wa rejeta uko hapo hapo, mnene na umenyooka. Tai ya plastiki inapitishwa, inakazwa, boneti inafungwa. Kwa macho, kazi ni safi.

Lakini mpira huo ndio mahali pabaya kuliko pote. Injini ikishapata moto, kulanti ndani yake huwa kwenye nyuzi joto 85 hadi 105, kwa kuwa mfuniko wa rejeta huzuia shinikizo la takriban baa 1 na maji hupita nyuzi 100 bila kuchemka. Kiwango cha kimataifa cha nyaya za magari, ISO 6722, kilizipanga kwa madaraja: A huvumilia nyuzi 85, B 100, C 125, D 150. Waya wa kawaida wa nyumba umepimwa kwa nyuzi 70 tu. Kipande kilichobaki kwenye ujenzi kikifungwa kwenye mpira wa maji, ngozi yake italainika, kisha itakauka na kupasuka.

Joto ni nusu ya habari. Injini imekaa juu ya maunti za mpira, na kila gari linapoondoka huinama kidogo. Rejeta haisogei. Mpira unaoziunganisha ndio unaopinda kila mara, na juu ya hayo huvimba shinikizo likipanda na kusinyaa injini ikipoa. Waya uliofungwa hapo huvutwa kwenye soketi yake mchana kutwa. Nao mpira hausalimiki: ganda gumu la plastiki lenye mikunjo, lile lenyewe linalovishwa nyaya ili kuzilinda, huukata kama msumeno, na ukingo wa tai huung'ata.

Mpira ukivuja, taabu inahama. Kulanti hupitisha umeme. Ikiingia kwenye soketi, shaba huota kutu ya kijani, na kulanti hupanda katikati ya nyuzi za waya, chini ya ngozi, ikatokeza mbali na palipovuja. Hapo taa ya injini inawaka, sensa zinabadilishwa moja baada ya nyingine, na mwenye gari analipa kila mara. Waya ulioharibika ukiwa ni wa feni, gari linachemsha kwenye foleni.

Mafundi wa ndege nchini Marekani wana mwongozo mzuri kwa hili: nyaya zipite juu ya mabomba ya mafuta, sentimita 15 au zaidi inapowezekana. Chini ya boneti nafasi hiyo haipatikani, ila sababu yake inafaa vilevile, kwamba kinachovuja hudondoka chini. Waya wa kwenye injini ushikwe na injini, wa kwenye bodi ushikwe na bodi, na kati ya hizo mbili uachwe ulegee kidogo. Ukilazimika kuvuka mpira, uvuke kwa kukatiza, usitambae nao sambamba. Klempu ya chuma yenye mpira ndani hushika vizuri kuliko tai, na tepu ya kitambaa hudumu kwenye joto ambalo huyeyusha gundi ya tepu nyeusi ya umeme. Kila waya ulioongezwa upewe fyuzi yake, karibu kabisa na betri.

Klipu za kiwandani nazo zina kazi. Nyingi huvunjika injini inaposhushwa, na hazirudishwi, kwa sababu gari huwaka bila hizo. Mwenye gari anaweza kuzidai, au kuomba zitafutwe kwenye magari yaliyokatwa, Gerezani jijini Dar es Salaam au Grogan jijini Nairobi. Kabla boneti haijafungwa, injini ikiwa imezimwa na kupoa, apitishe mkono kwenye mipira yote ya maji. Panapong'aa isivyo kawaida, au palipo na mchirizi uliolika, kuna kitu kinachosugua, na kwa kawaida kitu hicho ni waya.