Kusoma Majina katika Vitabu vya Ubatizo vya Zamani

Mzee mmoja wa Ruaruke, katika nchi ya Kibiti, alituletea karatasi yenye picha ya mstari mmoja wa kitabu cha ubatizo cha zamani. Dada wa babu yake alichukuliwa na wafanya biashara ya watumwa angali mtoto, wala hakurudi. Nyumbani ilibaki habari tu ya kwamba alifika kwa mapadre wa pwani. Sasa amezaliwa kitukuu wa kike, na wazee walitaka kumpa jina la yule aliyepotea, lakini hapana aliyelijua kwa hakika. Tuliusoma mstari ule, tukamwambia kwamba si wa ndugu yake. Tulikosa, na kosa hilo ndilo lituandikishalo maneno haya.

Vitabu vya Wakatoliki viliandikwa kwa Kilatini, na katika Kilatini jina hubadilika mwisho wake kwa kadiri ya kazi yake katika sentensi. Padre akiandika "baptizavi Josephum", maana yake nimembatiza Yosefu. Akiandika "filius Josephi", ni mwana wa Yosefu. Na mtu mwenyewe ni Josephus. Asiyejua hayo atahesabu watu watatu. Hata huko Ireland, ambako picha za vitabu vya namna hii zilifunguliwa kwa watu wote mwaka 2015, wenyeji hushangaa kumkuta babu yao James akiitwa Jacobus.

Lakini jina la ubatizo ndilo jepesi. Tabu iko katika jina la kwanza, lile alilopewa mtoto na mama yake. Misheni ya Bagamoyo ilianzishwa mwaka 1868 na Mapadre wa Roho Mtakatifu, na wengi wao walitoka Ufaransa. Mfaransa huandika sauti yetu ya u kwa herufi mbili, ou. Na ch yetu huiandika tch, maana ch yake ni sh yetu. J yetu huwa dj. Rufiji kwa kalamu yake ni Roufidji.

Tena yako mambo ya mkono. Katika mwandiko wa haraka herufi i, u, n na m ni vijiti tu vilivyosimama. Jina la Muini lina vijiti tisa: vitatu vya m, viwili vya u, kimoja cha i, viwili vya n, na kimoja cha i. Nukta ya kwanza ikitoka kijiti cha sita ikaangukia cha nne, jina limekuwa Miuni. Na nukta hupenda kutembea, kwa kuwa mwandishi huzitia baadaye, mkono ukiwa umekwisha kwenda mbele.

Katika mstari wetu tulisoma "Tchaonsikon", na mahali alipotoka "Ronaronké". Tukafikiri ni maneno ya watu wa mbali sana, wa upande wa maziwa. Hatukufanya jambo lililo la kwanza kwa msomaji wa mikono ya zamani, yaani kutafuta katika ukurasa ule ule neno tulijualo, tukaangalie mwandishi huyu aziandikaje herufi zake. Neno lilikuwapo, nalo ni "Zanguebar", ndivyo Wafaransa walivyoliita jimbo lao la pwani. Humo n na u zimekaribiana, g tu kati yao, nazo zafanana kama mapacha. Basi kila on yetu yaweza kuwa ou. Tukasoma upya: Tchaousikou, Rouarouké. Ni Chausiku wa Ruaruke.

Wajerumani wana njia yao. Kisarawe na Maneromango walikaa wamisheni wa Kilutheri wa Berlin, na katika mwandiko wao wa kale e ni vijiti viwili kama n, nayo u hutiwa kipinde juu ili isidhaniwe n. Asiyejua atasoma "Rnarnkn". Ch yetu kwao ni tsch, neno refu kama treni.

Chausiku ni jina la wengi, kila azaliwaye usiku aweza kupewa. Hilo tulimwambia mzee waziwazi. Akajibu kwamba Ruaruke si ya wengi. Akatuomba tumwandikie majina yale mawili kwa herufi za Kiarabu, apate kuyatia katika karatasi za ukoo. Tukaandika bila kutazama mbele, maana herufi zile hazitengi e na i, wala o na u. Mjukuu wake wa chuoni alipoyasoma kwa sauti, alisema "Ruaruki". Mzee akamnyang'anya karatasi, akatuambia tuongeze chini yake jina lile kwa herufi za kizungu, tena kwa vijiti vilivyo mbalimbali.