Istilahi za Bunduki ya Upepo: Kuisafisha na Kuitunza

Kazi ya kutafsiri maelekezo ya vifaa huonekana nyepesi mpaka mfasiri anapofika penye amri. Maelezo ya jumla yakikosewa, msomaji hupotewa na maana. Amri ikikosewa, msomaji huumia. Katika makala haya tumechagua kifaa kimoja tu, yaani bunduki inayosukuma risasi kwa nguvu ya hewa badala ya baruti, ambayo hutumiwa katika maghala na mabanda ya mifugo ili kupunguza panya na njiwa. Tutaeleza namna inavyosafishwa na kutunzwa, na papo hapo kupendekeza istilahi zinazofaa.

Kwanza ni jina lenyewe. Wako wanaosema bunduki ya hewa, na wako wanaosema bunduki ya upepo. Kwa maana ya kamusi, upepo ni hewa inayokwenda. Lakini fundi wa baiskeli hasemi kwamba anatia hewa katika gurudumu. Husema anatia upepo. Kwa hiyo Waswahili wamekwisha kulipa neno upepo maana ya hewa iliyoshindiliwa ndani ya chombo. Sisi tunapendekeza bunduki ya upepo. Jina hilo, hata hivyo, lisimfanye mtu akidhani kifaa hiki kuwa mchezo wa watoto. Nchini Uingereza bunduki ya upepo yenye nguvu inayozidi jouli 16 hivi huhitaji hati ile ile ya bunduki za baruti, na huko Uskoti hata zile dhaifu zimehitaji hati tangu tarehe 31 Desemba 2016. Kila nchi ina sheria yake, na mtumiaji hana budi kuiuliza kwanza.

Pili ni wanyama wanaolengwa. Tafsiri nyingi husema wadudu waharibifu, ilhali panya si mdudu wala njiwa si mdudu. Mabwana shamba wana neno visumbufu, nalo linawaenea wote.

Tatu ni kile kinachorushwa. Neno risasi lilitoka katika Kiarabu likiwa jina la madini, kisha likawa pia jina la kitu kinachotoka katika mtutu. Hapa maana hizo mbili hugongana, kwa sababu siku hizi hutengenezwa pia aina zisizo na madini hayo, na tafsiri hulazimika kusema “risasi zisizo za risasi.” Wengine wamejaribu kidonge. Neno hilo tunalikataa, maana kidonge ni kitu cha kumezwa, na madini ya risasi ni sumu, hasa kwa watoto. Tunalo neno la zamani, marisau, yaani risasi ndogo ndogo. Tulitumie hilo, na risasi libaki kuwa jina la madini. Hapo ndipo onyo litakaposomeka bila utata: “Marisau yana risasi, nawa mikono kwa sabuni kabla ya kula.” Marisau ya kawaida huwa na kipenyo cha milimita 4.5 au 5.5.

Sasa tuitazame kazi yenyewe. Bunduki iliyo nyepesi kueleweka ni ile ya springi. Mtumiaji hukunja mtutu. Springi hujibana na pistoni hurudi nyuma. Kifyatulio kikivutwa, pistoni huruka mbele, hushindilia hewa katika silinda, na hewa hiyo husukuma marisau. Kabla ya kuisafisha, maelekezo husema iwe tupu. Neno tupu halitoshi. Bunduki yaweza kuwa haina marisau na bado imekokiwa. Kifyatulio kikiguswa, mtutu uliokunjwa huweza kujirudisha kwa nguvu na kuvunja vidole. Mfasiri aandike mambo mawili mbalimbali: haina marisau, na haikukokiwa. Wala mtu asiifyatue bila marisau, kwani hewa hutoka upesi bila kuizuia pistoni, nayo hugonga mwisho wa silinda na kuharibika. Tena isiachwe imekokiwa kwa muda mrefu, kwa kuwa springi hulegea.

Ndani ya mtutu mna michoro ya kuzunguka inayoyazungusha marisau ili yaende sawasawa. Tunapendekeza iitwe mifuo. Bunduki ya baruti huacha masizi yanayokula chuma, kwa hiyo husafishwa kila baada ya kutumiwa. Bunduki ya upepo haina masizi. Huacha utando wa risasi tu katika mifuo. Husafishwa pale shabaha inapoanza kupotea. Kitambaa laini huvutwa kwa uzi kutoka upande wa silinda kuelekea mdomo wa mtutu, tena na tena, mpaka kitoke safi. Burashi ya chuma haifai, kwani hukwaruza mifuo. Baada ya hapo, marisau machache ya kwanza huweza kwenda kombo kabla ya shabaha kutulia.

Penye hatari kubwa zaidi ni neno mafuta. Kwa Kiswahili neno hili hubeba mafuta ya taa, ya kula, ya mashine na ya kujipaka. Maelekezo yakisema tu “tia mafuta,” msomaji atatia yaliyo karibu. Dereva wa lori anajua kwamba injini ya dizeli haina plagi. Hewa ikishindiliwa sana hupata joto la kutosha kuwasha mafuta. Jambo hilo hilo hutokea ndani ya silinda ya bunduki. Mafuta ya mashine yakiingia humo huwaka, huunguza washa na huweza kuvunja springi. Tunapendekeza tukio hili liitwe mwako wa mshindilio. Katika bunduki zinazojazwa upepo wa mgandamizo mkubwa, ambao mara nyingi hufikia baa 200, mafuta ya namna hiyo huweza kuleta mlipuko. Huko hutumika grisi ya silikoni peke yake, na hakuna kinachofunguliwa kabla upepo haujatolewa wote.

Kwa hiyo amri ya mafuta igawanywe: mafuta mepesi ya mashine kwa chuma cha nje, ambacho jasho la mikono na hewa ya bahari hukitia kutu, mafuta ya kitani kwa kitako cha mti, na ndani ya silinda, kile tu alichokitaja mtengenezaji. Skurubu nazo zikazwe mara kwa mara, maana mtikisiko huzilegeza.

Haya ni mapendekezo, si amri. Wasomaji wenye maneno bora, hasa mafundi na mabwana shamba, watuandikie, kwani wao ndio waliokwisha kuvipa vitu hivi majina kabla yetu.