Kwa nini Wajerumani wanajitoa kanisani

Mjerumani anayetaka kujitoa kanisani kwa kawaida haendi kwa padri wala mchungaji. Anakwenda mahakamani, au kwenye ofisi ya serikali inayosajili ndoa, vizazi na vifo. Anaonyesha kitambulisho, anasaini fomu, na katika majimbo mengi analipa ada. Hakuna anayemuuliza kisa wala mkasa. Mwaka 2022 Wakatoliki zaidi ya 520,000 walijitoa, idadi ambayo haikuwahi kufikiwa kabla ya hapo. Mwaka uliofuata wakaondoka wengine zaidi ya 400,000, na Waprotestanti nao wanapungua kwa mamia ya maelfu kila mwaka. Katika miaka ya 1950, zaidi ya watu tisa kati ya kumi wa Ujerumani Magharibi walikuwa waumini wa makanisa hayo mawili. Leo waumini wake hawafiki nusu ya Wajerumani wote.

Sababu inayotajwa haraka ni fedha. Serikali hukusanya kodi ya kanisa kwa niaba ya makanisa, na mwajiri huikata moja kwa moja kwenye mshahara. Kiwango chake ni asilimia 8 ya kodi ya mapato katika majimbo ya Bavaria na Baden-Württemberg, na asilimia 9 kwingineko. Mfanyakazi wa Hamburg anayelipa kodi ya mapato ya euro 500 kwa mwezi hukatwa euro 45 zaidi kwa ajili ya kanisa. Kijana aliyebatizwa akiwa mchanga huiona namba hiyo kwenye hati yake ya kwanza ya mshahara, akajiuliza mara ya mwisho alisali lini.

Sababu ya pili ni aibu. Ripoti ya mwaka 2018, iliyoagizwa na maaskofu Wakatoliki wenyewe, ilikuta kumbukumbu za watoto 3,677 waliodhulumiwa kingono na makasisi 1,670 kati ya 1946 na 2014. Wengi waliokuwa bado wanasitasita waliamua siku hizo.

Hata hivyo, kodi ya kanisa imo katika katiba tangu mwaka 1919, na ilikatwa vilevile wakati makanisa yamefurika. Kuondoka nako kulianza miongo mingi kabla ya ripoti. Kodi na kashfa zimewaonyesha mlango watu ambao mioyo yao ilikwisha kutoka siku nyingi.

Kilichowatoa kina mizizi mirefu. Kansela Otto von Bismarck alianzisha bima ya ugonjwa mwaka 1883, bima ya ajali kazini mwaka 1884 na pensheni ya uzeeni mwaka 1889. Kidogo kidogo mambo yaliyokuwa yakimpigisha mtu magoti yakahamia serikalini: maradhi, ulemavu, uzee usio na kipato. Wataalamu Pippa Norris na Ronald Inglehart, katika kitabu chao cha mwaka 2004, walieleza kwamba watu wanaokua wakiwa na uhakika wa chakula, matibabu na uzee huilegeza dini kizazi baada ya kizazi. Makanisa ya Ujerumani bado yana hospitali nyingi, lakini gharama zake kubwa hulipwa na bima. Mgonjwa hutibiwa na taasisi ya kanisa bila kuwa na deni lolote kwa kanisa.

Lakini utajiri peke yake hautoshi kueleza. Qatar ni tajiri na misikiti yake inajaa. Ndani ya Ujerumani yenyewe, mashariki ni maskini kuliko magharibi, na ndiko kwenye watu wachache zaidi wenye dini. Utawala wa kikomunisti wa Ujerumani Mashariki ulianzisha mwaka 1954 sherehe ya vijana wa miaka 14 kuapa utii kwa dola, ishike nafasi ya kipaimara. Ukuta wa Berlin ulianguka mwaka 1989, sherehe ikabaki, bila kiapo. Familia zinavaa vizuri, zinapiga picha, zinakula pamoja, na Mungu hatajwi. Waliokatazwa dini kwa vitisho walizaa watoto wasioikosa.

Hapo ndipo mashariki na magharibi zinapokutana. Kule amri ya dola, huku maisha yaliyotulia, lakini kilichokatika ni kimoja: wazazi waliacha kuwarithisha watoto sala. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Babu alisali kila Jumapili, baba akaenda Krismasi, mjukuu akasaini fomu.

Habari hii inatuhusu. Wabenediktini waliofungua misheni ya Peramiho, kusini mwa Tanzania, mwaka 1898 walitoka Bavaria, na leo parokia za Ujerumani zinaongozwa na mapadri wa kutoka India, Poland, Nigeria na hata Tanzania. Viongozi wetu wa dini wasijivunie umati tu. Anayekuja ibadani kwa sababu hana bima wala ajira anaweza kuondoka siku atakapovipata, nasi sote tunaomba avipate. Basi wapime kazi yao kwa swali moja: mtoto wa muumini aliyekwisha kufanikiwa anafundishwa kusali na nani, nyumbani kwao? Kama ni yaya au televisheni, njia ya Hamburg tumeshaianza.