Komredi, nani alimfundisha mhadhiri wako kufundisha mtandaoni?

Hebu fikiria. Ni saa mbili usiku, umejikunyata kwenye keja yako, iwe ni Rongo au Homa Bay mjini. Stima imerudi dakika kumi zilizopita, simu iko asilimia 14 na bando ulilonunua asubuhi linakaribia kuisha. Kwenye grupu ya WhatsApp ya darasa, mhadhiri ametuma PDF ya slaidi 86 na ujumbe mmoja: "Someni hii. CAT ni Ijumaa." Hakuna maelezo, hakuna swali la kujipima, hata sauti yake husikii. Kwenye rekodi, somo hilo litahesabiwa kwamba limefundishwa mtandaoni.

Kisa hiki ni cha kufikirika, wala si cha chuo fulani. Lakini sidhani kuna komredi atakayesema hakitambui.

Najua mnavyosema mkikutana kibandani kwa chapo na maharagwe: huyu jamaa ni mvivu, mtandao wa huku ni noma, chuo hakijali. Huenda kuna ukweli hapo. Ila kuna swali ambalo mara chache huulizwa, na ndilo zito kuliko yote: nani alimfundisha mhadhiri wako kufundisha kwa njia hii?

Ualimu unaishia langoni

Mwalimu aliyekufundisha shule ya msingi kule Ndhiwa au Kehancha alipitia chuo cha ualimu. Aliyekutesa na Kemia Kidato cha Tatu vilevile alisomea ualimu. Bila mafunzo hayo, Tume ya Huduma za Walimu (TSC) haingemsajili. Tena mnamo Septemba 2021, TSC ilizindua mpango wa kuwanoa walimu walio kazini, maarufu kama TPD, wenye moduli sita za miaka mitano kila moja. Vyama vya walimu vilipiga kelele kuhusu ada ya Sh6,000 kwa mwaka, na vilikuwa na hoja. Lakini wazo lenyewe ni rahisi kuelewa: mwalimu naye anafaa kurudi darasani.

Ukivuka lango la chuo kikuu, mambo yanabadilika. Mhadhiri hahitaji namba ya TSC. Anaajiriwa na kupandishwa cheo kwa shahada zake, utafiti wake na machapisho yake. Isipokuwa awe alisomea ualimu, anaweza kuwa gwiji wa uhasibu au wa magonjwa ya samaki bila kuwahi kukaa hata wiki moja akifunzwa jinsi ya kupanga somo. Kwa hivyo anafundisha alivyofundishwa: yeye asome notisi, nyinyi muandike. Mpe intaneti, atafanya yaleyale, ila sasa notisi zitakuja kama PDF.

Ndiyo maana warsha za kuwafunza wahadhiri matumizi ya teknolojia si mambo ya wakubwa peke yao. Matokeo yake yanakufikia wewe, kwenye simu yako, usiku huo wa kabla ya CAT.

Machi ile ya 2020

Machi 15, 2020, Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kufungwa kwa taasisi za elimu kwa sababu ya Covid-19. Vyuo vikuu vilipewa hadi Ijumaa ya Machi 20. Watu waliozoea ubao walitakiwa ghafla wafundishe kupitia skrini. Warsha zikachipuka huku na kule, nyingi zikiwa zenyewe za mtandaoni.

Kwa upande wa mitambo, nchi haikuwa mikono mitupu. KENET, mtandao unaounganisha vyuo vikuu na taasisi za utafiti, ulikuwapo tangu 1999. Nyaya za intaneti za chini ya bahari zilifika Mombasa 2009. Na Moodle, mfumo unaotumiwa na vyuo vingi kuweka kozi mtandaoni, ni wa bure. Toleo lake kamili la kwanza lilitoka 2002.

Aliyeuanzisha, Martin Dougiamas, alilelewa jangwani katika eneo la Australia Magharibi, na akiwa mtoto alisomea masomo yake kwa redio kwa sababu shule ilikuwa mbali mno. Yaani mfumo huo ulibuniwa na mtu aliyejua kwa maisha yake maana ya kuwa mbali na mwalimu. Mwanafunzi wa kisiwa cha Mfangano angemwelewa haraka kuliko wa Nairobi.

Kwa hivyo chombo kipo. Kinachopungua mara nyingi ni ustadi wa kukitumia.

Chai, cheti, kwaheri

Si kila warsha inaleta ustadi huo. Kuna ile ya siku moja ukumbini. Mtaalamu anaonyesha kwenye projekta: bonyeza hapa, pakia faili pale. Chai ya saa nne, mandazi, picha ya pamoja, cheti, kwaheri. Jumatatu mhadhiri anarudi ofisini na hakuna wa kumuuliza pale anapokwama. Baada ya wiki mbili amesahau nywila yake.

Watafiti wa Marekani Bruce Joyce na Beverly Showers waliliona jambo hili miaka ya themanini walipochunguza mafunzo ya walimu. Kuelezwa na kuonyeshwa hakutoshi. Mbinu mpya huingia darasani pale mwalimu anapofanya mazoezi, kisha akawa na mtu wa kumfuatilia na kumwelekeza akiwa kazini. Mnamo 2006, Punya Mishra na Matthew Koehler wa Chuo Kikuu cha Michigan State waliongeza jingine: kujua somo, kujua kufundisha na kujua teknolojia ni mambo matatu tofauti, na mwalimu mzuri ni yule anayeyasuka pamoja. Anayejua kubonyeza tu ana theluthi moja ya kazi.

Warsha nzuri basi utaitambuaje? Kwanza, mhadhiri haendi mikono mitupu. Anabeba kozi yake mwenyewe, ile anayoifundisha muhula huu, na kuondoka akiwa ameijenga upya walau kwa wiki mbili za kwanza. Pili, anaingia kwenye mfumo kama mwanafunzi, si kama mhadhiri. Anatumia simu ya kawaida, bando dogo, nje ya Wi-Fi ya ofisi. Hapo ndipo atagundua kuwa video yake ya saa nzima inakula mamia ya MB, wakati maelezo ya sauti ya dakika kumi yanaweza kutoshea ndani ya MB 5. Tatu, baada ya mwezi mmoja kuna mtu anarudi kumuuliza: uliweza? Ulikwama wapi?

Ni kazi ya polepole, na haina picha nzuri ya kuweka Facebook. Lakini ndiyo hubadilisha somo.

Kwa nini huku kwetu ni muhimu zaidi

Vyuo vikuu vya umma vya eneo hili bado ni vichanga. Chuo Kikuu cha Rongo, kaunti ya Migori, kilianza 2011 kama tawi la Chuo Kikuu cha Moi na kupata hati yake 2016. Mwaka huohuo ndipo Tom Mboya ya Homa Bay ilipoanzishwa chini ya Chuo Kikuu cha Maseno, na leo inasimama yenyewe. Uchanga si aibu. Chuo kichanga hakina desturi ya miaka sitini ya kung'oa, na kinaweza kuamua mapema kwamba mhadhiri mpya hafundishi kozi ya mtandaoni kabla hajafunzwa kuifundisha.

Masomo ya mseto yako hapa kukaa. Agosti 2023 serikali ilizindua Chuo Kikuu Huria cha Kenya kule Konza, kinachofundisha mtandaoni. Kabla ya hapo, Novemba 2022, ChatGPT ilikuwa imetua. Mhadhiri anayetoa swali la "jadili kwa kurasa tano" kama alivyofanya zamani atapokea kurasa tano zisizo za mtu yeyote, naye atazipa alama. Utafurahia hizo alama, sikatai. Lakini siku mwajiri atakapogundua kwamba karatasi hizo hazina uzito, shahada itakayopungua bei ni yako, si ya mhadhiri.

Wewe ufanyeje?

Fomu ya kutathmini mhadhiri ikija mwisho wa muhula, usiijaze mbiombio ili upite. Usiandike "mbaya" ukaishia hapo. Andika: "Video zilikuwa kubwa mno, sauti ingetosha," au "Hatukupata majibu ya CAT hadi siku ya mtihani." Maneno kama hayo ndiyo waandaaji wa warsha wanayahitaji.

Mwakilishi wa darasa naye auilize idara swali la adabu: wahadhiri wetu hupata mafunzo lini, na sisi wanafunzi tunaweza kualikwa tuseme yanayotukwamisha? Na kama wewe ni mkali wa vifaa hivi, jitolee. Mzee wa miaka 58 anayeogopa Moodle hatajifunza kwa kuchekwa. Mwambie, "Prof, ngoja nikuonyeshe." Nusu saa yako inaweza kuwaokoa wenzako mia mbili.

Mnamo Septemba 1959, Tom Mboya alifanikisha safari ya ndege iliyowapeleka vijana 81 wa Kenya kusoma Marekani. Alikuwa na miaka 29. Wasanii Harry Belafonte na Sidney Poitier pamoja na mchezaji Jackie Robinson walisaidia kuchangisha pesa. Wakati huo, kupata somo la chuo kikuu kulimaanisha kuvuka bahari. Leo Mboya amelala Rusinga, na somo linaweza kumfikia kijana wa kisiwa hichohicho akiwa ameketi ufuoni na simu mkononi.

Litafika, hilo sina shaka. Je, likifika litakuwa somo, au ni slaidi 86 tena? Jibu linategemea anayelituma amefunzwa nini. Na linategemea pia kama wewe, unayelipokea, utanyamaza.